Anayefungwa Anainuka: Maswali Yenu ya Gemu za Mtandaoni

Safari hii karibu nyote mmelalamikia jambo moja, usawa kati ya hodari na mgeni, ila kila mmoja amesimama upande wake wa jamvi. Haya, tuanze.

Ami, nafanya kazi hotelini Nungwi, nacheza gemu ya kupigana risasi Ijumaa tu. Kila nikiingia nauliwa kabla sijaokota bunduki. Hivi wenye gemu wanatutaka kweli sisi wa mara moja kwa wiki?

Wanakutaka, tena sana. Gemu ya watu 100 kwenye kisiwa kimoja haianzi kwa mabingwa kumi na wawili. Nyinyi wa Ijumaa ndio mnaoijaza seva, yaani kompyuta kubwa inayowakutanisha wachezaji.

Wa kucheza nawe unatafutiwa kwa hesabu, na asili ya hesabu hiyo ni sataranji. Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, alitunga njia ya kumpa kila mchezaji namba yake, na shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, likaichukua mwaka 1970. Ukimfunga aliyekuzidi unapanda sana, ukimfunga mdogo wako unaambulia chembe. Wawili wakipishana pointi 200, mkubwa anatarajiwa kuzoa kama robo tatu ya ushindi. Wakipishana 400, ni kama mara kumi kwa moja. Gemu nyingi za leo zinatumia hesabu za ukoo huo.

Tabu ni kwamba hesabu haikujui mpaka ucheze, na wewe wa mechi mbili kwa wiki unabaki mgeni wake kwa muda mrefu. Tena kama rafiki yako bingwa ndiye anayekuvuta kwenye kikosi chake, mara nyingi mnapangiwa wanaomfaa yeye. Cheza kama mechi kumi peke yako kwanza. Na siku ukiua kumi na tano bila jasho, usitangaze mtaani: huenda wengi wao ni roboti, wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta. Gemu ya Fortnite iliwaingiza mwaka 2019 ili mgeni naye apate wa kumpiga. (Vijana wanawaita boti, lakini kwetu boti ni ya kwendea Dar.)

Mimi ni wa Chake Chake, nimefika daraja la juu kwa jasho langu. Sasa kila mechi kama fainali, na usiku nasubiri dakika sita kupata wapinzani. Kosa langu nini, kuwa hodari?

Huna kosa, na hili wengi wanalidharau. Mfumo ukifanya kazi yake barabara, utashinda nusu na kufungwa nusu, uwe nani. Kwa hiyo umejifunza miaka mitatu, na matunda yake huyaoni ila kwenye rangi ya nembo. Inachosha.

Dakika sita ni bei ya usawa. Saa nane za usiku, walio sawa nawe katika eneo letu hawajazi daladala. Ama mfumo usubiri, ama ukupe yeyote aliyeko. Mimi ningeweka vyumba viwili: cha daraja, kikali, na cha kawaida, kinachoangalia nani yuko karibu na kuachia ustadi uchanganyike. Wewe nenda cha pili siku ukitaka kucheka tu.

Ila usifungue akaunti mpya ukawachinje wageni. Barazani huwezi kujifanya mwanagenzi, kila mtu anamjua baba yako. Mtandaoni unaweza, na ndiyo maana inauma zaidi.

Natokea Wete. Nampiga mimi kwanza, nakufa mimi. Uchawi?

Umbali. Risasi yako inachelewa kufika kwenye seva. Mwanga ndani ya nyaya za fiba huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa Frankfurt, karibu kilomita 7,000 kutoka kwetu, kwenda na kurudi ni milisekunde 70 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde) hata kama waya ungenyooka kama rula, nao haunyooki. Ikiwa Johannesburg, kama kilomita 2,500, ni 25. Angalia kwenye mipangilio umewekwa seva gani kabla hujaulaumu mkono wako.

Kununua bunduki yenye nguvu ni ustadi?

Ni pochi. Nguo na rangi nunua utakavyo. Nguvu ikiuzwa, hakuna mizani tena. Mwaka 2017 wachezaji wa gemu ya Star Wars Battlefront II walikuja juu kwa jambo hilo hilo, na kampuni ya EA ikayazima manunuzi ya ndani kabla gemu haijatoka rasmi.

Kaka, samahani. Mwanangu wa miaka 14 haji mezani, ati akitoka anakosa zawadi ya siku, na wenziwe wanaokesha wanampita. Gemu gani hii?

Dada yangu, hata watengenezaji limewasumbua. Gemu ya World of Warcraft ilipokuwa ikijaribiwa, kabla ya kutoka 2004, waliweka sheria: ukicheza muda mrefu, pointi unazochuma zinapungua. Watu wakawaka. Basi wakageuza maneno, namba zikabaki karibu zile zile: aliyepumzika anapata maradufu, na akicheza sana anarudi kwenye kiwango cha kawaida. Makelele yakaisha. Aliyelala hakuachwa mbali, wala mkeshaji hakuhisi ameadhibiwa.

Zawadi ya kila siku ni kinyume chake. Hiyo ni kamba ya kumfunga mtoto, haina uhusiano na usawa.

Ila mechi ya timu haina kusimama. Ukimwambia "zima sasa hivi", na wenziwe wanne wanaingia hasarani. Muulize mechi moja inachukua muda gani, kisha mwite kabla hajaanza nyengine. Wali hautapoa sana.

Tunasoma SUZA, chuo kikuu cha hapa Zanzibar, tunatengeneza bao la mtandaoni. Mafundi wanasema tukirahisisha tunaliua bao, wanagenzi wanasema hawaelewi kitu. Tumsikilize nani?

Wazee walishalijibu. Katika bao la Kiswahili kila mtu anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, kuna kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi ubaoni, kuna nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, na masharti yake. Katika bao la kujifunza kete zote 64 ziko ubaoni, mbili kila shimo, na mnaanza. Fundi hakupunguziwa hata kete moja. Mwanagenzi alipewa mchezo wake juu ya ubao ule ule.

Pahala walipokosea ni foleni. Barazani kwetu Kikwajuni sheria ilikuwa anayefungwa anainuka. Nikiwa na miaka kumi na tano nilikuwa nasubiri tangu alasiri hadi karibu na magharibi, nikae, fundi anitie mkono mara nne, niinuke. Mpaka siku mmoja wetu alipoburura ubao wa pili, umepasuka pembeni, akauweka mlangoni mwa duka. Hapo ndipo nilipojifunza bao. Kwa hiyo: vyumba viwili, na mshindi asikae kitini milele.

Namba igeni FIDE: kizidisho, kinachoamua pointi zipande au zishuke kwa kasi gani, ni 40 kwa mgeni mpaka atimize mechi 30, kisha 20, na akishafika pointi 2400 ni 10. Mgeni anafika pahala pake upesi, fundi hayumbishwi na siku moja mbaya.

Mkipima, msichanganye watu. Riot, kampuni yenye gemu ya League of Legends, walieleza mwaka 2019 kwamba wanawapima mashujaa wao, wale wahusika wa kuchezea, kwa makundi ya wachezaji, kuanzia mchezaji wa kawaida hadi wa kulipwa, maana kinachomuua mgeni fundi anakicheka. Mafundi waulizeni sheria. Wanagenzi msiwaulize kitu; tazameni wanafunga programu kwenye hatua gani.

Na wekeni saa ya kumharakisha anayechelewa kucheza. Barazani kejeli ndiyo saa, lakini simu haina kejeli.

Ikiwa tayari niitieni. Nitaingia chumba cha wanagenzi, maana nyumba yangu mpaka leo huliwa mapema.