Kwa mwalimu mpya wa wasioona: Louis Braille alikuwa wa kada yetu

Mwalimu unayeripoti mwaka huu kwenye shule yenye wanafunzi wasioona, jina la Louis Braille umeshalisikia chuoni. Mara nyingi wanaishia kumtaja kama mvumbuzi, basi. Mimi nataka umjue kama mwalimu wa darasani na mpiga kinanda wa kanisani, kwa sababu kazi hizo mbili ndizo zilizoipa nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizochomoza yanayosomwa kwa vidole, sura tunayoifundisha leo.

Alizaliwa Coupvray, kijiji cha mashariki mwa Paris, tarehe 4 Januari 1809. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, mtengenezaji wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka 3 alichezea zana za karakana, msharasi ukamchoma jicho, ugonjwa ukahamia jicho la pili, na alipofika miaka 5 alikuwa haoni kabisa. Mwaka 1819 akapelekwa Paris, shule ya vijana wasioona iliyoanzishwa na Valentin Haüy. Huko vitabu vilikuwa na herufi za kawaida zilizochomozwa kwenye karatasi nzito. Mtoto aliweza kuzisoma polepole, ila kuandika kwa mkono wake mwenyewe hakuweza.

Mwaka 1821 ukaletwa shuleni mfumo wa nukta wa Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi. Hapa nakuomba usome taratibu. Barbier alikuwa na nia njema na wazo zuri, lakini alama yake moja iliweza kuwa na hadi nukta 12, ndefu kupita ncha ya kidole. Iliandika sauti badala ya tahajia, na nota za muziki hazikuwemo. Anayeona akiitazama karatasi ile aliona kila kitu kiko sawa. Kijana Braille aliisoma kwa kidole akajua tatizo liko wapi. Kufikia 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshapunguza nukta hadi 6, tatu kushoto na tatu kulia, alama nzima ikaenea chini ya kidole kimoja bila kukisogeza juu na chini.

Kwa hiyo ukichora ramani ya mguso, au ukitengeneza jedwali la hesabu kwa uzi na gundi, usiulize walimu wenzako kama inapendeza. Mpe mwanafunzi, kaa kimya, angalia vidole vyake vinakwama wapi. Kinachokwama kibomoe, hata kama umekesha ukikitengeneza. Walimu wapya wengi hulipenda sana bango lao.

Ukianza kufundisha herufi, utaona a hadi j zinatumia nukta 4 za juu tu. K hadi t ni zile zile, zikiongezewa nukta ya 3, ile ya chini kushoto. Ni mpangilio wa mtu aliyefundisha, aliyejua mwanafunzi hukumbuka kwa kujenga juu ya alichonacho. Lakini w haimo kwenye mtiririko huo, kwa sababu Kifaransa cha wakati ule hakikuihitaji, iliongezwa baadaye. Sisi hatuwezi kuandika hata "wewe" bila hiyo herufi, basi ifundishe mapema, usiisubirishe hadi mwisho wa alfabeti. Halafu kuna sleti na stailasi, yaani kibao chenye vishimo vya kuongoza nukta na kijiti chenye ncha cha kuzichomea: mwanafunzi huchoma kutoka kulia kwenda kushoto, kisha anageuza karatasi ili asome. Ndiyo maana mgeni huchanganya d na f, e na i, h na j, r na w. Kila jozi ni kama uso na kioo chake. Ukiyaona makosa hayo usimwite mzembe. Mashine ya Perkins, ile ya kuchapa nukta nundu, haina shida hiyo, lakini mashine huharibika na fundi wake hapatikani kila mji, kwa hiyo sleti usiidharau.

Muziki nao si pambo katika habari hii. Braille alipiga kinanda katika makanisa ya Paris, na alipochapisha mfumo wake mwaka 1829 nota zilikuwemo tangu mwanzo. Alitaka mwanamuziki asiyeona ajisomee kazi mwenyewe, badala ya kungoja mtu amchezee hadi aikariri. Shuleni alianza kama msaidizi, akawa mwalimu kamili mwaka 1833, akifundisha historia, hisabati na muziki huku kifua kikuu kikimla polepole.

Usidhani uongozi ulimshangilia. Katika miaka ya 1840 mkuu wa shule, Pierre-Armand Dufau, aliupiga marufuku mfumo huo. Wanafunzi waliendelea kuandikiana kwa siri. Msaidizi wa mkuu, Joseph Guadet, ndiye aliyesaidia kuubadilisha msimamo huo, na mwaka 1844, kwenye uzinduzi wa jengo jipya, mfumo ukaonyeshwa hadharani. Braille alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Ufaransa iliukubali rasmi mfumo wake mwaka 1854.

Kitu kingine alichofanya hakisemwi sana. Mwaka 1839 alitoa njia ya kuandika herufi za kawaida kwa nukta, ili asiyeona amwandikie barua mtu anayeona. Fikiria mwanafunzi wako akirudi kwao likizo: nyumba nzima hakuna anayesoma nukta nundu. Kama shule ina kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti, mfundishe kuchapa mapema.

Ila kuna watakaokuambia sauti inatosha, simu inasoma kila kitu, nukta nundu ni ya kizamani. Kwangu hiyo ni hoja ya mtu asiyesahihisha insha. Anayesikiliza tu hajui neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Ataunganisha "kwa sababu" na kuitenga "alipokuja". Na jedwali au mlinganyo wa hesabu ukisomewa kwa sauti, ukifika mwisho mwanzo umeshapotea. Halafu siku ya mtihani wa taifa, mtahiniwa asiyeona huletewa karatasi ya nukta nundu, na hapo ndipo itaonekana kama vidole vyake vilizoezwa kusoma.