Barua kwa mwanangu anayetafuta vitabu na sinema za zamani

Mwanangu,

Swali lako nimelipata. Unasema umechoka na orodha za mitandaoni, zile za vitabu mia na filamu mia ambazo eti lazima uzimalize kabla hujafa. Umeanza tatu, zote zikakushinda njiani. Sasa unauliza: mtu wa Nairobi mwenye kazi ya kutwa na saa moja tu ya usiku atajuaje ni kitabu gani au filamu gani ya zamani inayostahili saa hiyo, na ataipata wapi?

Orodha ziweke kando kwanza. Anza na kazi moja ambayo tayari umeipenda, kisha uulize ilikuwa ikijibizana na nani. Mwandishi na mwongozaji wa filamu hawatokei hewani. Wana wakubwa waliowatangulia, wana rika lao, na wana wadogo waliokuja kuwajibu. Ukimfahamu mmoja, atakupeleka kwa jamaa zake.

Tuchukue filamu uliyoisifu katika barua yako, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, iliyochapishwa 1999. Isome riwaya sasa, filamu ikiwa bado mbichi kichwani, na uangalie mwongozaji ameacha nini. Filamu haiwezi kubeba kila mhusika wa riwaya nene, na kile kilichoachwa ndicho kinachokuonyesha yeye aliona kiini cha hadithi ni kipi. Ukimaliza, rudi nyuma kwa mwandishi huyohuyo: Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), halafu Kuli (1979), inayohusu wapagazi wa bandarini na mgomo wao. Hapo umemjua mtu mmoja kwa miaka ishirini ya uandishi wake.

Sasa nenda kwa rika lake. Mohamed Suleiman Mohamed aliandika Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976). Said Ahmed Mohamed aliandika Utengano (1980), ambacho kwa miaka mingi watu wamekisoma kama kitabu teule tu, kwa maswali ya dondoo na sifa za wahusika. Kisome upya bila mtihani, utaona ni kitabu kingine. Kisha vuka lugha: Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, huandika kwa Kiingereza. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ya 1994 ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mwisho, rudi nyuma zaidi hadi kwa Siti binti Saad, aliyerekodi taarabu huko Bombay mwaka 1928. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Usome ukiwa na sauti yake masikioni, kwa sababu rekodi zake zinapatikana mtandaoni. Filamu moja imekupa riwaya sita au saba, wasifu mmoja na sauti moja, na wote hawa wanazungumza kuhusu pwani ileile.

Hapo kwa Shaaban Robert kuna mtego. Unapoandika mwaka wa kitabu, tofautisha mwaka kilipoandikwa, mwaka kilipochapishwa mara ya kwanza, na mwaka nakala yako ilipopigwa chapa. Shaaban Robert alifariki 1962, lakini Kufikirika kilitoka 1967 na Utubora Mkulima 1968. Anayeangalia ukurasa wa hakimiliki peke yake ataamini vitabu hivyo vilizaliwa na Azimio la Arusha la 1967, wakati mwandishi wake alikuwa kaburini kabla ya Azimio hilo. Vivyo hivyo Kusadikika cha 1951: ile nchi inayoelea angani, na Karama anayejitetea mbele ya wakubwa wasiotaka kusikia habari za kwingine, huisikii sawasawa kama hukumbuki kwamba mwandishi alikuwa mtumishi katika serikali ya kikoloni. Mwaka ndio unaokwambia nini kisingeweza kusemwa waziwazi.

Ushairi ndio unaowashinda wengi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Watu hufungua diwani katikati, wakakuta lugha ngumu, wakafunga. Mimi ningeingia kupitia ugomvi. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake: vina, mizani, kila kitu kikiwa na kipimo. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya desturi, na malumbano yakawaka. Katikati, 1973, ilitoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyaandika gerezani kati ya 1969 na 1972 baada ya kufungwa kwa sababu ya kijikaratasi cha kisiasa, Kenya: Twendapi? Yeye alishika arudhi ya zamani, yaani kanuni za vina na mizani, kwa ukamilifu na akasema nayo mambo mapya kabisa. Soma mashairi matano ya Kichomi, kisha matano ya Sauti ya Dhiki, usiku mmoja, kwa sauti. Utajua mwenyewe ugomvi ulikuwa wa nini, na hutahitaji mwalimu akwambie uko upande gani.

Ukishazoea, shuka kwenye tenzi. Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, kutoka kisiwa cha Pate karibu na Lamu, una hati ya mwaka 1728. Utendi wa Mwana Kupona ni wa 1858, mama mgonjwa akimwachia bintiye wosia, beti mia moja na kidogo tu, kwa hiyo ningeanza na huo. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, inayoomboleza majumba ya Pate yaliyobomoka, iache ya tatu. Ndiyo nzuri kuliko zote kwa maoni yangu, na ukiifikia mapema mno utaipita bila kuiona.

Kuna mambo mawili yanayoharibu usomaji wa tenzi. La kwanza ni kusoma kimyakimya. Ubeti wa kawaida una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi hadi mwisho wa utenzi. Hicho cha nne ndicho kinachokubeba, na jicho halikisikii. La pili ni lahaja. Kiamu, lahaja ya Lamu, husema moya kwa moja, ndia kwa njia, nti kwa nchi, mato kwa macho. Andika maneno ishirini ya namna hiyo kwenye karatasi uiweke ndani ya kitabu. Baada ya beti thelathini hutaiangalia tena. Tafuta toleo lenye maelezo pembeni, kama Tendi ya J.W.T. Allen ya 1971, kwa sababu toleo tupu litakuchosha bure.

Sasa filamu. Umeniuliza kama inafaa kuanzia mwanzo kabisa, na zile filamu fupi za ndugu wawili wa Kifaransa, akina Lumière, zilizoonyeshwa Paris, Desemba 1895. Hapana. Utaziona kwa dakika kumi siku moja ukitaka, lakini huo si mlango. Ingia kwa uzi uleule. Ulipenda Nairobi Half Life (2012), ya kijana wa mashambani anayefika jijini na ndoto ya uigizaji. Kwenye vitabu, wakubwa wake ni Kill Me Quick (1973) na Going Down River Road (1976) za Meja Mwangi: vijana waliomaliza shule wakalala vichochoroni, vibarua wa mjengo. Kwenye sinema, nenda Roma, Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica (1948): mtu ana kazi mradi awe na baiskeli, na baiskeli inaibwa. Kisha nenda Dakar, Borom Sarret ya Ousmane Sembène (1963), mwendesha mkokoteni ambaye mkokoteni wake unachukuliwa na askari. Hiyo ni kama dakika ishirini tu, inaisha ukiwa unakula chakula cha mchana. Kisha India, Pather Panchali ya Satyajit Ray (1955), ambaye aliamua kutengeneza filamu kwa namna hiyo baada ya kuiona ile ya De Sica akiwa London. Hakuna orodha itakayokuonyesha kwamba hizi ni za ukoo mmoja.

Sembène anastahili mwezi mzima. Alikuwa mwandishi kwanza, kisha akashika kamera kwa sababu watu aliotaka kuzungumza nao wengi hawakusoma vitabu. Xala yake ni riwaya ya 1973 na filamu ya 1975, kazi mbili za mkono mmoja. Soma kwanza, tazama baadaye, na hapa huna kisingizio cha kusema mwongozaji hakumwelewa mwandishi.

Unapotafuta filamu ya zamani, andika jina la asili, mwongozaji na mwaka. Ile ya Sembène ya 1966 ni La Noire de... kwa Kifaransa na Black Girl kwa Kiingereza. Ukitafuta jina moja utakosa nakala zilizo kwa jina jingine, na bila mwaka utaletewa filamu nyingine kabisa. Kisha angalia urefu kabla hujaanza kupakua. Seven Samurai ya Kurosawa (1954) ina dakika 207. Nakala iliyo fupi sana kuliko hapo imekatwa. Metropolis ya Fritz Lang (1927) ilizunguka miongo mingi ikiwa na mapengo, mpaka nakala ndefu ikagunduliwa Buenos Aires mwaka 2008, na toleo lililokarabatiwa likatoka 2010. Tafuta hilo. Usiku wa kwanza wa filamu ni mmoja tu, usiutumie kwa nakala mbovu.

Halafu rekebisha televisheni. Filamu nyingi za kabla ya miaka ya 1950 zina picha inayokaribia mraba. Seti za siku hizi huivuta ijaze kioo, na watu wote wanakuwa wafupi wanene. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua 4:3, uache pande mbili zibaki nyeusi. Sinema bubu zikikimbia kama watu wamewashwa, si kwamba ndivyo walivyotembea zamani: nyingi zilipigwa kwa fremu kama 16 hadi 20 kwa sekunde, zikaonyeshwa kwa 24. Tafuta nakala iliyosahihishwa mwendo. Na chagua manukuu, yale maandishi ya tafsiri chini ya picha, badala ya sauti iliyobandikwa. Hizi zenye sauti ya DJ juu yake zina raha yake, sikukatazi, lakini tazama filamu yenyewe kwanza.

Vitabu, hapa Nairobi, anza McMillan, barabara ya Banda. Ilifunguliwa 1931 kwa ajili ya wazungu peke yao. Leo ni ya umma, na ina matawi Kaloleni na Makadara, jirani na kwako. Uliza pia magazeti ya zamani. Matangazo ya sinema na maoni kuhusu vitabu katika gazeti la mwaka fulani hukuonyesha watu wa jiji hili walikuwa wakisoma na kutazama nini wakati huo. Vya mtumba barabarani, vile vya inama, vikague kabla ya kulipa. Vitabu hushonwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, na fungu zima huweza kukosekana bila wewe kuona. Pitisha kidole kwenye nambari za kurasa, na hakikisha ukurasa wa mwisho upo. Soma jalada vizuri pia: usije ukanunua mwongozo wa riwaya ukidhani ni riwaya. Ukiona Anna Karenina ya kurasa 150, hiyo ni muhtasari, kwa sababu kamili hufika kama 800.

Vya bure viko Project Gutenberg, mradi ulioanza 1971. Faili isiyo na picha ni ndogo sana, haimalizi bando. Ila tafsiri zake kwa kawaida ni za zamani, hivyo Kiingereza chake huwa kizito. Kama sentensi zinakukwama, huenda mfasiri ndiye anayekuchosha. Jaribu tafsiri nyingine kabla ya kumwacha mwandishi. Na usisahau zilizoko kwa Kiswahili: Shamba la Wanyama (Animal Farm ya George Orwell), tafsiri ya Fortunatus Kawegere (1967), Shujaa Okonkwo (Things Fall Apart ya Chinua Achebe), tafsiri ya Clement Ndulute (1973), na mbili za Nyerere kutoka kwa Shakespeare. Ile ya Kaisari aliitoa 1963, kisha akairudia na kuisahihisha, ikatoka tena 1969 kama Juliasi Kaizari. Ukizipata zote mbili, linganisha ukurasa mmoja. Sijui somo bora zaidi la tafsiri.

Orodha nilisema uziweke kando kwanza, si kuzitupa. Zitumie kwa kuuliza nani alipiga kura. Jarida la Sight and Sound huuliza wahakiki kila miaka kumi tangu 1952. Mara ya kwanza ilishinda Bicycle Thieves. Kisha Citizen Kane ikakaa juu kuanzia 1962 hadi 2002. 2012 ikawa Vertigo. 2022, wapiga kura walipozidi 1,600, ikawa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, na Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty na Black Girl zikaingia katika mia bora. Filamu zilikuwa zilezile. Walioulizwa ndio waliobadilika.

Kwa ile saa yako moja: kurasa 20 kila usiku wa kazi, filamu Jumamosi. Riwaya ya kurasa 240 itachukua usiku 12. Kitabu kisipokushika kufikia ukurasa wa 40, kiache, andika tarehe, ukirudie mwaka ujao. Weka daftari lenye safu nne: jina la kazi na mwenyewe, mwaka ilipoandikwa na ilipochapishwa, inamjibu nani, niliipata wapi. Safu ya tatu ndiyo itakayokutafutia kitabu kinachofuata.

Niandikie ukifika katikati ya Kuli, nikutafutie Al-Inkishafi yenye maelezo.

Mamako.