Njia ya Hifadhini Ipitike kwa Kiti Mwendo

SWALI: Kijiji chetu kina msitu wa hifadhi, na wageni huja kuuona mbuyu mkubwa ulio mita 400 kutoka barabarani. Njia ni ya mchanga. Wazee hugeuzia katikati, na jirani yetu anayetumia kiti mwendo hajawahi kufika. Kamati ina fedha kidogo, inataka kuanza na mabango na mabenchi. Tunakosea?
Mjumbe wa kamati ya maliasili, Kondoa

JIBU: Mabango yasubiri, ndugu mjumbe. Fedha ya kwanza iende kwenye njia yenyewe. Kabla jembe halijagusa ardhi, piteni hapo na huyo jirani, mzee mmoja na mtu asiyeona. Kila watakapokwama, pigeni kigingi.

Kisha pimeni mwinuko kwa mpira wa maji wanaotumia mafundi ujenzi kupata usawa. Kati ya vigingi viwili vilivyoachana mita 4, tofauti ya kimo isizidi sentimita 20. Ikizidi, msichonge ngazi. Izungusheni njia ipande polepole.

Upana uwe mita 1.5. Mchanga ndio adui, kwa kuwa magurudumu ya mbele ya kiti ni madogo na huzama. Kokoto tupu ni vivyo hivyo, ingawa wengi huzimwaga wakidhani wamemaliza. Tumieni morami, ile changarawe yenye udongo ya kujengea barabara, iliyoondolewa mawe makubwa, ichanganywe na udongo wa kichuguu ili ishikane. Finyangeni donge bichi, liangusheni kutoka usawa wa kiuno: likisambaratika, ongezeni kichuguu, likinata mkononi, punguzeni. Tandazeni sentimita 13, nyunyizieni maji, shindilieni hadi zibaki 10. Mita 100 zitakula karibu mita 20 za ujazo. Fedha ikiishia hapo, wekeni kituo chenye kivuli mahali ambapo mbuyu unaonekana, mwakani muendelee.

Fanyeni kazi mwezi Mei, ardhi ingali na unyevu. Agosti maji ya kushindilia mtayafuata mbali.

Mvua za Desemba ndizo zitakazowapima. Njia isiyoinama upande hugeuka mfereji, basi katika upana wake wote ilazeni sentimita 3 kuelekea bondeni. Mkizidisha, kiti kitavutwa upande na mkono wa mwenyewe utachoka. Msikingamishe magogo kugeuza maji, maana kiti hakiyavuki. Badala yake, chimbeni njiani kibonde cha urefu wa mita 4 na kina kisichozidi sentimita 10. Penye udongo mweusi wa mbuga pakwepeni kabisa: huvimba ukilowa, hupasuka ukikauka, na morami itapasuka nao.

Kwa asiyeona, pangeni mawe mfululizo upande wa mlimani, yasije yakazuia maji, ili fimbo nyeupe iyafuate. Fimbo haigusi tawi lililo usoni, kwa hiyo pogoeni hadi mita 2.1 kwenda juu. Miiba ya migunga ifagiliwe kila wiki, hutoboa matairi.

Mlango wa choo uwe na sentimita 90, ufungukie nje. Mabenchi yakija, yawe na mikono ya kuinukia, na kando ya kila moja iachwe nafasi ya kiti mwendo, kivulini.