Hakuna mtoto wa "ubongo wa kulia": jibu kwa mama wa Bagira

Jambo mama. Nimeona watu wamekujibu kwa mstari mmoja tu, kila mtoto na kipaji chake, basi wakapita. Mimi nataka nikujibu kwa urefu juu hii kitu naishi nayo. Unasema kijana wako wa miaka 15 alifanya testi ku simu ikamwambia yeye ni mtu wa ubongo wa kulia, yaani msanii, hesabu si zake, na sasa anataka kuacha opsio ya sayansi. Unauliza kama kweli ndivyo ubongo wake umeumbwa. Mimi napiga gitaa, mi-solo hasa, na niko nafundisha vijana wa korale hapa Kadutu, Bukavu, miaka mingi sasa. Usimtoe ku sayansi kwa sababu ya hiyo testi. Kama ana sababu ingine, hayo ni mazungumzo mengine.

Hii habari ya kulia na kushoto ilianzia kwa kitu cha kweli. Nusu mbili za ubongo zinaunganishwa na kifungu kikubwa cha nyuzi za neva, karibu milioni 200, na huko Marekani kuna wagonjwa wa kifafa kikali ambao madaktari walikata kile kifungu ili degedege isivuke kutoka nusu moja kwenda nusu ya pili. Roger Sperry, mtafiti wa ubongo wa huko Marekani, akawachunguza hao, akaona kila nusu ina kazi inazoziweza zaidi, kwa watu wengi lugha iko kushoto, mambo ya maumbo na nafasi kulia ndiyo inayaweza zaidi, na mwaka 1981 akapata Nobel kwa kazi hiyo. Lakini mama, wale ni watu waliokatwa! Wa kwako hajakatwa, nusu zake mbili ziko zinaongea kila sekunde, akipiga gitaa ao akifanya hesabu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, kuanzia miaka 7 mpaka 29, wakitafuta kama kuna watu ambao upande wao mmoja mzima umeunganika kwa nguvu kushinda ule mwingine. Hawakuwapata.

 

Sasa gitaa. Mwaka 2008 watafiti wawili, Charles Limb na Allen Braun, walichukua wapiga piano 6 wa jazz, wakawalaza ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, na kinanda kidogo ku mapaja, kimetengenezwa bila chuma juu ile mashine ni sumaku kali sana. Kwanza wapige kitu walichokariri, halafu wapige cha kubuni palepale. Walipoanza kubuni, sehemu ya mbele ya ubongo pembeni, ile inayohusika na kujichunga na kujisahihisha, ikapunguza kazi, na sehemu ya mbele katikati, inayohusika na mambo ya mtu mwenyewe, ikaongeza. Niliposoma hiyo nilisimama nikatembea chumbani, sababu nilikuwa nimeshaiona kwa vijana wangu bila kujua inaitwaje. Sebene, ile sehemu ya wimbo gitaa linapoachiwa litambe, ikifunguka, kijana anaingia vizuri, vidole vinakimbia, halafu mkubwa wa korale anakunja uso tu kidogo, ao mtu anamwambia "noti ile siyo", na kijana anafunga palepale, anarudi ku zile noti tatu anazozijua mpaka wimbo uishe. Kwa hiyo kwetu tuliweka sheria: mtu akiwa ndani ya solo hakuna kumsahihisha, hata kwa macho. Tunarekodi ku simu. Wimbo ukiisha tunakaa, tunasikiliza pamoja, na hapo hakuna huruma, hii tubakize, hii tutupe, hii umerudia mara nyingi mpaka inachosha. Vijana waliokuwa wanatetemeka sasa wanaleta vitu ambavyo mimi mwenyewe sikuvifikiria.

Hiyo sehemu ya pili, ya kukata na kuchagua, watu wanaisahau wakiongea juu ya ubunifu. Kuna mtandao wa sehemu za ubongo unaofanya kazi zaidi tukiwa tumetulia, tunawaza, tunakumbuka, akili inatembea, mtafiti Marcus Raichle na wenzake waliuelezea mwaka 2001. Kuna mwingine wa kukaza akili na kudhibiti, na kuna wa tatu unaochagua nini kinastahili kuangaliwa. Timu ya mtafiti Roger Beaty mwaka 2018 iliwapa watu 163 kazi rahisi, wabuni matumizi mapya ya vitu vya kawaida kama soksi ao sabuni, huku wanapigwa picha za ubongo. Waliobuni vizuri zaidi ni wale ambao mitandao hiyo mitatu iliunganika kwa nguvu, wakati kawaida ule wa kuwaza na ule wa kukaza akili kila mmoja anashika zamu yake. Mitandao yenyewe imesambaa pande zote mbili za kichwa. Mtoto wako akibuni wimbo anatumia ileile nguvu ya kukaza akili ambayo testi inamwambia hana.

Tena ubongo hausimami vile ulivyozaliwa. Mwaka 2004 kuna watafiti Ujerumani waliwafundisha watu kurusha na kudaka mipira mitatu, baada ya miezi 3 sehemu za ubongo zinazofuata vitu vinavyotembea zikawa zimeongezeka kidogo ku picha, wakaacha mazoezi, zikapungua tena. Kwa hiyo hata kama leo hesabu zinamshinda, hiyo inaonyesha hali ya leo. Kijana wangu anayebuni mi-solo nzuri kushinda wote yuko sayansi, na anahesabu mapigo kichwani wakati wengine wamepotea. Mwingine mzuri sana ni fundi cherehani, hajamaliza masomo, lakini kukata kitambaa bila kupoteza hata kipande ni hesabu tupu ile.

Uliuliza pia kama miaka 15 amechelewa. Sehemu ya mbele ya ubongo inaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, mama, bado ana muda. Gitaa asiache. Wewe nenda kaone mwalimu wake wa hesabu, umuulize ni somo gani alianza kupotea, mara nyingi ni kitu cha nyuma kabisa, hesabu za sehemu kama nusu na robo, ao aljebra ya mwanzo, na mwanafunzi wa klasi ya juu yake anaweza kumrudisha kwa likizo moja. Halafu umuulize yeye mwenyewe, polepole, mkiwa wawili, kama kuna mtu alimwambia mbele ya klasi kwamba hana akili. Wale waliokuja kwangu na hizo testi za simu, karibu wote kuna mtu alikuwa ameshawaambia.