Hopsi si karafuu: kwa wanaoanza kulima nyuma ya nyumba

Nimekulia tarafa ya Amani, Muheza, katikati ya karafuu, hiliki na pilipili manga. Nilipohamia Boise, jimbo la Idaho, Marekani, nikaona mzee jirani yangu ana mmea wa hopsi umeparamia banda lake hadi juu ya paa, nilijisemea moyoni: hii si pilipili manga tu ya wenyeji wa huku, itanishinda nini? Ilinishinda misimu miwili. Kuiotesha hakukunisumbua. Kilichonishinda ni kuikausha, na kilichoniponza ni huohuo ujuzi wangu wa karafuu. Sasa wenzetu wengi waliotoka Kongo, Burundi na kwetu wamepata vipande vya bustani huku, na kila ikifika mwezi wa nne kuna anayenipigia simu kuuliza. Basi haya ndiyo ninayowajibu.

Hopsi ndiyo inayoipa bia uchungu na harufu yake. Kinachovunwa ni ua la mmea jike, lina umbo la koni ndogo ya msonobari, ila laini. Ichane koni katikati, utaona unga wa manjano unaonata vidoleni. Huo ni lupulini, na mali yote imo humo. Zilizobaki ni maganda ya kuibebea. Mmea dume hauna faida kwako, tena ukiwa jirani unazijaza koni mbegu. Kwa hiyo achana na mbegu, nunua kipande cha mzizi cha mmea jike. Kinafanana na tangawizi iliyorefuka, na macho yake unayaona.

Na kabla hujaniuliza, maana wote huniuliza: hapana, usikipeleke Tanga. Hopsi hurefuka wakati mchana ni mrefu, kisha mchana ukianza kufupika ndipo inatoa maua, na baada ya hapo inataka baridi ya kuilaza usingizi. Mwezi wa sita hapa Boise mchana unapita saa 15. Kwetu ni saa 12 hivi, mwaka nenda mwaka rudi, na mmea hautajua ni lini ufanye nini. Ndiyo maana karibu hopsi yote ya Marekani inatoka majimbo matatu tu ya huku kaskazini-magharibi: Washington, Oregon na Idaho. Siku ukipata nafasi, endesha hadi Wilder, magharibi ya Boise, uone mashamba yenyewe. Nguzo zinapita mita 5, nyaya zimepita juu, na kila mmea umeteremshiwa kamba yake.

Zitazame kamba hizo. Nyingi ni za usumba, zimesafiri kutoka Sri Lanka. Mtu wa pwani anasimama katikati ya Idaho, nazi haijulikani ila dukani, halafu anaona maelfu ya kamba za makumbi zinaning'inia! Nyumbani mimi hutumia katani, sababu zangu mnazijua watu wa Tanga. Zote mbili zinafaa kwa kuwa zina makwaruzo. Kamba ya nailoni inateleza, na hopsi haina vikono vya kushikia. Inajikamatisha kwa vinywele vigumu vya shina lake.

Kwa kuanzia chagua aina ya Cascade. Ipo tangu 1972, inavumilia makosa, na kila apikaye bia nyumbani anaijua. Panda mwezi wa nne, kina cha sentimita 5, nafasi ya mita 1 kati ya mmea na mmea. Aina mbili tofauti zitenganishe zaidi, la sivyo mizizi itaingiliana usijue ipi ni ipi. Tia samadi iliyooza. Machipukizi yatatoka mengi, na hapo ndipo mgeni anaona huruma. Usione huruma. Acha mawili au matatu kwa kila kamba, mengine kata. Yale ya mwanzo kabisa, manene, ndani yana uwazi na huvunjika ovyo. Kata hayo kwanza. Mimi nayakaanga na kitunguu kama mchicha, na Wabelgiji wanayahesabu kuwa chakula cha heshima.

Yaliyobaki yazungushie kamba kwa mwendo wa mshale wa saa, ukitazama kutoka juu. Maharage ya kutambaa huzunguka kinyume, na mkono wako uliozoea maharage utakudanganya. Asubuhi utakuta shina limejifungua liko chini. Likishashika, kaa pembeni uangalie. Siku za joto linaweza kuongezeka sentimita 30 kwa siku moja.

Utunzaji sitaurefusha. Maji kwa matone, si kwa kurusha juu ya majani. Mmea ukishapita kimo chako, ondoa majani ya chini hadi usawa wa kiuno ili hewa ipite, kwa sababu maradhi makubwa ni ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Waliolima korosho kusini wanaujua ubwiri unga. Wa hopsi ni kuvu mwingine, lakini sura ni ileile ya unga mweupe juu ya jani. Joto la mwezi wa saba huleta utitiri chini ya majani, nao hupenda vumbi na ukame, basi usiuache mmea uone kiu. Mwaka wa kwanza utapata koni za kujaza bakuli, ukibahatika. Usikate tamaa na usikate mmea: majani ya mwaka huo ndiyo yanayolisha mizizi. Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu, mmea mmoja unaweza kukupa nusu kilo kavu, hata zaidi.

Sasa tuje kwenye kuvuna, na hapa nisikilize vizuri. Kati ya katikati ya mwezi wa nane na wa tisa, anza kuzibonyeza koni kila jioni. Koni changa ni ya kijani iliyolowa, ukiiminya inabaki imeminyika. Iliyokomaa ni nyepesi, inalia kama karatasi, ukiiachia inarudi umbo lake, na lupulini imekolea manjano. Ncha za maganda zikianza kahawia kidogo si neno. Ukisikia harufu ya kitunguu saumu, umechelewa.

Kata shina zima na kamba yake, lilaze kivulini, chumeni mkiwa mmekaa. Mtu mmoja kwa mkono anamaliza zaidi ya saa nzima kwenye mmea mmoja uliojaa. Mimi huwaita majirani, tunakaa duara kama watu wanaochambua karafuu kutoka kwenye makonyo, na mazungumzo ni yaleyale. Vaa mikono mirefu. Mara ya kwanza nilivaa fulana, na mikono ikawasha siku tatu.

Halafu nikafanya lile kosa. Nilitandika turubai uani, nikamwaga koni zangu juani, nikazigeuza kwa mkono kama mama alivyonifundisha jamvini. Jua la Idaho ni kali na hewa ni kavu, nikajisifu. Siku ya pili zilikuwa za kahawia na zilinuka nyasi kavu. Karafuu inataka jua, jua ndilo linaipa rangi. Hopsi jua linaiua: mwanga na joto vinaharibu mafuta yake. Ikaushe gizani, hewa ikipita.

Mashamba makubwa yana majengo yanayofanana kwa kazi na mabani ya tumbaku ya Urambo: hewa ya moto inasukumwa kutoka chini, inapenya tabaka la koni. Wewe huna haja ya hayo. Tengeneza fremu za mbao, zivishe wavu wa dirisha la mbu, tandaza koni kina cha sentimita chache, panga fremu moja juu ya nyingine zikiachana, weka feni. Banda la gari linatosha. Siku mbili au tatu kwa hewa ya huku. Ukiwa na mashine ya kukaushia matunda, usipite nyuzi 60 za Selsiasi. Mimi hubaki kwenye 50.

Zimekauka lini? Msimu wa pili niliamini vidole vyangu. Maganda yalikuwa yanavunjika, nikafunga mifuko. Baada ya wiki tatu nilifungua nikakuta ukungu. Maganda hukauka mapema, lakini kile kijiti cha katikati ya koni bado kina maji, na yakifungiwa mfukoni husambaa. Kijiti lazima kikatike "tak". Kikipinda, rudisha kwenye wavu.

Bora zaidi ni mizani. Kabla ya kuvuna, chuma gramu 100, zikaushe kwa moto mkubwa mpaka uzito usishuke tena. Hizo utazitupa, ni za hesabu tu. Tuseme zimebaki gramu 23. Koni iliyokaushwa vizuri hubaki na maji asilimia 8 hivi, kwa hiyo 23 gawa kwa 0.92, unapata 25. Yaani kila gramu 100 mbichi zikifika 25, zima feni. Fremu iliyoingia na kilo 4 itoke na kilo 1. Ikishuka sana chini ya hapo, koni zinapasuka na lupulini yako inabaki sakafuni. Kisha zirundike kwenye sanduku siku moja, zibadilishane unyevu, upime tena.

Unyevu si jambo la ukungu peke yake. Hopsi iliyorundikwa inaweza kujipasha moto yenyewe hadi iwake, kama majani ya mifugo yaliyorundikwa kabla hayajakauka vizuri. Mwaka 2006, mwezi wa kumi, ghala kubwa liliungua Yakima, Washington, likateketeza takriban asilimia 4 ya mavuno ya Marekani ya mwaka ule. Sisemi friza yako itawaka. Nasema tu wenyewe wakubwa hawacheki na jambo hili.

Funga kwenye mifuko ya kunyonya hewa, andika aina, tarehe na uzito, weka kwenye friza. Usiseme chochote kuhusu kiwango cha uchungu, maana hujapima maabara; mwambie mnunuzi aitumie mwishoni mwa kupika, kwa ajili ya harufu. Ninaouzia ni watu watatu wanaopika bia nyumbani, na mmoja hununua mbichi siku ileile ya kuvuna, ambapo anahitaji kama mara tano ya uzito wa kavu. Mama mmoja wa Bukavu, mlokole, hanywi bia wala hataki kuisikia, ila kila mwaka huja kuchukua kiasi cha kushonea mto, anasema humletea usingizi.

Na kama una mbwa, mabaki usiyatupe anapofika. Hopsi, hata iliyokwisha kupikwa, humpandisha mbwa joto la mwili na inaweza kumuua. Mabaki yangu nayafukia kwenye mboji iliyozungushiwa wavu, kisha baridi ya kwanza ikishachoma majani, mashina nayakata karibu na ardhi na kuyafunika kwa matandazo.