Vijana wageni wamejitenga katika timu yetu

SWALI: Ninafundisha timu ya vijana wa chini ya miaka 17 hapa Kayole, Nairobi. Tumepata wavulana watano kutoka Kongo na Burundi. Mpira wanaujua, lakini wanapasiana wao kwa wao, na wawili wameanza kukosa mazoezi. Nifanyeje? Na je, naweza kuwasajili kwenye ligi? – Kocha, Kayole

JIBU: Kocha, anza na hao wawili. Wafuate nyumbani, usiwaulize mbele ya wenzao. Mara nyingi kizuizi ni nauli, viatu, wadogo wa kulea mama akienda kuuza, au hofu ya mzazi kwamba mwanawe atasimamishwa na polisi njiani. Maliza mazoezi kabla giza halijaingia. Njumu za kuazima ziwe za timu nzima, zisionekane sadaka ya wageni.

Uwanjani, usiwaache wajigawe wenyewe. Wagawe wewe kwa vizibao, watano kwa watano, kwenye eneo la mita 30 kwa 20, wageni wasizidi wawili kila upande. Wacheze dakika nne, kisha uwachanganye upya. Kwenye uwanja mzima, anayenyimwa pasi anaweza kukimbia nusu saa bila kuugusa mpira; kwenye eneo dogo jambo hilo halifichiki. Ila usiamuru kwamba lazima mgeni apasiwe. Atapasiwa kwa shingo upande, naye atajua.

Kijana wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, Kiswahili anacho. Kinachompiga chenga ni Sheng, lugha ya mtaani ya vijana wa Nairobi. Mrundi huenda akahitaji muda zaidi. Chagueni pamoja maneno kama kumi ya uwanjani, kama vile “geuka”, “rudisha”, “nyuma yako”, na wote wayatumie hayo. Anayecheka lafudhi ya mwenzake mkanye papo hapo. Kicheko hicho ndicho kinachowarudisha kwenye kona yao.

Kuhusu usajili, aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida huorodheshwa kwenye hati ya familia kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi. Hakikisha tarehe ya kuzaliwa inalingana na ya shuleni, la sivyo mtashtakiwa kwa udanganyifu wa umri. Kwa ligi za shirikisho, kanuni za FIFA hazimruhusu mtoto wa kigeni kusajiliwa hivi hivi, lakini zina kipengele cha aliyekimbia nchi yake kuokoa maisha. Ombi hupitia Shirikisho la Soka la Kenya (FKF), kwa hiyo anza mapema. Wakati huo wacheze mechi za kirafiki na za mtaani. Usimchezeshe yeyote kwa jina la mwenyeji. Mkigunduliwa timu huadhibiwa, na lawama yote atabebeshwa yeye.