Aliyebaki kambini

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mpanda milima anayeandika vitabu akumbukwe kwa kilele au kwa kitabu? Kwetu Marangu, chini ya Kilimanjaro, mtu wa swali hilo ni Mjerumani Hans Meyer, na jibu langu la haraka ni kwamba akumbukwe kwa mtambo wa uchapaji. Ukoo wake ulikuwa na kampuni kubwa ya vitabu huko Leipzig. Mwenzake, Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, ndiye aliyekuwa mpandaji hasa. Walifika kilele cha Kibo, juu kabisa ya Kilimanjaro, pamoja tarehe 6 Oktoba 1889, lakini muulize mwanafunzi yeyote nani alitangulia, atakutajia Meyer peke yake. Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Akaendelea vivyo hivyo: Kilimanjaro tena 1898, Ekwado 1903, Rwanda na Burundi 1911, na kila akirudi anakaa mezani kuandika.

Ila linaloniuma mimi ni jingine: waliobeba mizigo wako ukurasa gani?

Nimefanya kazi ya mlima, kwanza mgumu, yaani mbeba mizigo, baadaye mwongozaji. Kuna mgeni mmoja mtu mzima tulilala naye kambi ya Horombo siku ya kuzoea hewa. Kila jioni akimaliza supu anatoa daftari. Kalamu aliificha kifuani, ndani ya shati, maana wino ulikuwa unagoma kwa baridi. Usiku ule akaniambia anataka majina kamili ya timu nzima, jina la baba na kijiji, yaingie kwenye kitabu chake. Nilifurahi kupita kiasi. Nikawaita wagumu mmoja mmoja, nao wakaja wamevua kofia kama watu wanaokwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Kijana mmoja akataja jina la ubatizo ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia.

Ikafika zamu ya mpishi, mzee wetu. Alisimama mlangoni na taulo begani, akasema, "Andika mpishi, inatosha." Nikamwambia, baba, hiyo ni heshima unapewa. Mgeni anangoja, kalamu mkononi. Mzee akanijibu kwa Kichagga, kisha akarudia kwa Kiswahili ili vijana wote wasikie: huyu mgeni akitaka kunikumbuka, bahasha yangu ya bakshishi anipe mwenyewe pale getini, mkononi, isipitie kwa mtu. Vijana wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu bahasha zilikuwa zinapitia kwangu. Mgeni akauliza mzee amesema nini, nikamtafsiria nusu. Akaandika "mpishi". Getini alimpa bahasha yake mkononi kweli, maana nusu niliyomtafsiria ndiyo hiyo. Kitabu chenyewe sijakiona hadi leo.

Nimeanza barua hii nikitaka kumlaumu Meyer, lakini haki ni haki: yeye aliandika jina. Muini Amani wa Pangani alibaki kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, akitunza kambi huku Wazungu wawili wakihangaika na barafu. Na hapo ujue kwamba mwaka mmoja tu kabla, Meyer alikuwa ametekwa na watu wa Bushiri, aliyeongoza mapambano ya pwani dhidi ya Wajerumani, huko huko upande wa Pangani, akaachiwa kwa fidia. Jina la Muini Amani limo kitabuni, na sijasikia mtu akilitaja. Yohani Kinyala Lauwo, anayesemekana kumwongoza Meyer mlimani, je? Huyo wazee wa Marangu walimtaja kwa midomo yao, na sherehe za miaka mia moja, mwaka 1989, zikampa heshima akiwa bado hai. Umri wake, na kama alifika juu na Meyer au la, watu wanabishana mpaka kesho. Lakini anajulikana.

Kwa hiyo kuandikwa si kukumbukwa. Hata hivyo mkinilazimisha kupiga kura, nampa Meyer kura ya kitabu, kwa sababu bila kitabu huyo Muini Amani hata mimi nisingemjua. Kura hiyo lakini haihusu jina la Kaiser Wilhelm alilokibandika kilele, ambalo tumeshalifuta kwa Uhuru, wala jiwe alilolibeba kutoka juu kumpelekea mfalme wake. La jiwe mtuulize wiki nyingine.